Akiba ya Nyumba na Trekta Lililotumika

Kila vuli inapokaribia, katika nyumba za jamaa zetu wenye mashamba Loitokitok huzuka neno lisilomalizwa kwa kikao kimoja: tununue trekta letu, au tuendelee kukodi la watu? Aliye shambani hupiga simu Mombasa au Malindi. Aliye pwani huuliza bei. Na fedha zinazotazamwa aghalabu si za hao wawili wanaozungumza: ni akiba ya mama, ni bangili za dada, ni zamu ya chama iliyoangukia mwezi huo. Kwa sababu hiyo tumeona kwamba jambo hili, ijapokuwa lanuka dizeli na grisi, lina haki ya kupewa nafasi katika jarida la familia. Mwenye kutoa fedha ana haki ya kujua anachokinunua.

Loitokitok i katika kaunti ya Kajiado, kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Kilimanjaro, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Wazee wetu waliijua nchi ile kabla ya lami. Misafara ya Waswahili ilitoka pwani, ikapumzika Taveta, kisha ikauzunguka mlima na kuingia Umasaini kutafuta pembe. Leo msafiri wa pwani hushika barabara kuu ya Nairobi hadi Emali akakata kusini, au hupitia Voi na Taveta akatokea Illasit. Juu mlimani hulimwa mahindi na maharagwe kwa mvua. Chini, pande za Kimana, Namelok na Rombo, chemchemi za mlima humwagilia nyanya na vitunguu.

Jambo moja la nchi ile ndilo linaloamua hesabu yote ya trekta. Sisi wa pwani tumezoea kuitegemea masika. Loitokitok mvua inayotegemewa zaidi ni ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Mkulima hana budi udongo wake uwe umegeuzwa kabla mvua haijashika, na jirani yake hivyo hivyo, na jirani wa jirani yake. Kwa hivyo matrekta yote yahitajiwa katika wiki zile zile chache. Anayekodi hungoja zamu, na zamu ikimfikia wakati mvua imekwisha kunyesha mara tatu, ardhi yake haishikiki na mbegu yake imechelewa. Hapo ndipo fikira ya kununua inapozaliwa, na si fikira mbaya. Ila wengi huianzia kwenye bei, nasi twaona ingepasa ianzie kwenye ekari.

Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kukisia ambazo kila mtu atazibadilisha kwa bei za kijijini kwake. Familia ina ekari 12, nayo hulima misimu miwili, jumla ekari 24 kwa mwaka. Kukodi ni shilingi 3,500 kwa ekari, yaani shilingi 84,000 kwa mwaka. Trekta pamoja na plau lake wameambiwa shilingi milioni 1.2. Lau wangelinunua kwa ajili ya shamba lao tu, ingechukua zaidi ya miaka 14 kwa fedha za kukodi kufikia bei ile, na hapo dizeli haijatiwa hata tone. Ekari 12 hazilishi trekta.

Basi ni lazima liwalimie majirani. Tuseme watapata ekari 60 kila msimu, ambazo pamoja na zao 12 ni 72. Kulima ardhi ambayo haijavunjwa hula lita 6 hadi 10 za dizeli kwa ekari, kwa kadiri ya ugumu wa udongo. Tukishika lita 8 kwa shilingi 170, ni shilingi 1,360. Dereva na utingo, shilingi 500. Katika zile 3,500 zabaki 1,640, na kwa ekari 144 za mwaka mzima ni shilingi 236,160. Sasa bei ya trekta hurudi kwa miaka mitano, ikiwa oili, filta na tairi hazikuidai sehemu yao, nazo huidai. Hii si biashara mbaya. Lakini itazameni kwa siku: trekta likilima ekari 5 kwa siku, ekari 72 ni siku 14 na nusu. Mapato yote ya msimu yamo katika wiki mbili. Likiharibika likalala wiki moja likingoja pampu kutoka Nairobi, ekari 35 zimekwenda kwa mwenye trekta jingine, na shilingi zaidi ya 57,000 zimekwenda nazo. Wateja nao huenda wasirudi mwaka wa pili.

Kwa hivyo anayeuza trekta lililotumika auza siku kumi na tano za kazi, mara mbili kwa mwaka. Chombo kisichoweza kuzitoa siku hizo ni ghali hata kikiuzwa nusu ya bei.

Afrika Mashariki ilikwisha kupata somo hili kwa kiwango ambacho familia haiwezi kukifikia, alhamdulillahi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga Tanganyika, katika mamilioni ya ekari, pande za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya yalikuwa adimu siku zile. Yakanunuliwa yaliyotumika, mabaki ya majeshi, mengine yakiletwa kutoka Ufilipino, yakateremshwa Dar es Salaam na kupelekwa bara. Yalikuwa na rangi, yalikuwa na namba, na yalikuwa rahisi. Kabla ya mwaka 1947 kumalizika, karibu theluthi mbili yalikuwa yamesimama. Vipuri havikuwapo na mafundi hawakutosha, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Mwaka 1951 mpango wote ulifutwa, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Wanahistoria hutaja sababu nyingi, mvua na ardhi miongoni mwazo. Kwetu sisi, hili la kununua vyombo bila ya kuvijaribu na kabla ya kuuliza vipuri vitatoka wapi lingetosha.

Suala la vipuri ndilo linalofanya wakulima wengi wa Kenya wang'ang'anie Massey Ferguson, na wala si ushabiki. Aina ya MF 135 iliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975. Lina injini ya silinda tatu na nguvu za farasi 45 hivi, na mpaka leo lingali likilima. MF 240 ni kama mdogo wake aliyekuja baadaye, mwenye nguvu za farasi 50 hivi. MF 290, la silinda nne, lakaribia farasi 80. Aina kadhaa za jina hilo ziliendelea kuundwa Pakistan, katika kiwanda cha Millat cha Lahore, na ndiyo maana ringi au nozeli ya chombo cha umri wa babu yapatikana katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Trekta la aina ngeni laweza kuwa zuri zaidi kwa kila hali. Muulizeni muuzaji swali moja tu: klachi yake yauzwa duka gani? Akianza kusema habari za kuagiza ng'ambo, shukuruni na kuaga.

Nguvu nazo zilingane na ardhi. Miteremko ya Loitokitok ina mawe ya volkano na visiki, na plau la diski, ambalo hupanda juu ya jiwe na kuendelea, hufaa zaidi kuliko lile la ulimi ambalo hukwama na kupinda. MF 135 hutosheka na diski mbili. Anayetaka kuvuta tatu kutwa nzima mlimani, na kuifikia hesabu yetu ya ekari tano, atazame la ukubwa wa 290. Na aulize mapema kama plau limo katika bei, kwa kuwa trekta bila plau ni gari la polepole.

Sasa twende kwenye kulitazama. Hapa twapenda kusimulia tuliyoyaona wenyewe, tulipofuatana na shangazi yetu kuona trekta lililokuwa likiuzwa nje kidogo ya mji. Shangazi hajapata kuendesha hata baiskeli. Lakini fedha zilikuwa zake, naye amepika miaka hamsini. Sisi tulikuwa tukitazama tairi na rangi, nyekundu inayong'aa. Yeye alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja ubavuni mwa injini, kama mtu anayepima sufuria.

"Mwanangu, mbona lina moto?"

"Shikamoo, mama. Nililiwasha kidogo tu, kulitoa bandani."

"Marahaba. Basi tutangoja lipoe. Chai tumekuja nayo."

Tulikaa chini ya mti karibu saa mbili. Muuzaji alikwenda na kurudi, akatuambia kuna mnunuzi mwingine njiani kutoka Kimana, na shangazi akamwombea heri huyo mnunuzi na kumimina kikombe cha pili. Injini ilipopoa, fundi tuliyemleta alizungusha ufunguo. Stata iliitika, moshi mweupe ukatoka, injini isishike. Ikasemwa ni betri. Ikaletwa ya lori, yenye nguvu. Moshi mweupe tena. Mwishowe lilisukumwa mteremkoni na vijana sita, ndipo likanguruma. Tukalipia vijana soda na kurudi.

Fundi alitueleza njiani. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka kwa joto lile. Ringi zikilika, hewa huvuja badala ya kubanwa. Ikiwa injini ina joto tayari, joto hilo huisaidia, lakini ikiwa baridi haiwaki. Ndiyo maana asiye mwaminifu hulipasha trekta moto kabla ya wageni kufika. Kwa hivyo mwambieni muuzaji tangu kwenye simu kwamba mwataka kulikuta likiwa baridi, na mkifika wekeni kiganja.

Moshi ni lugha. Mweupe kidogo wakati wa kuwasha kisha ukapotea, hauna neno. Ukiendelea, dizeli haichomeki vizuri au maji yaingia ndani. Wa samawati wasema oili yaungua, yaani injini imechoka. Mweusi mzito wasema dizeli ni nyingi kuliko hewa. Huenda ni filta tu, huenda ni pampu, na tofauti ya bei ya hayo mawili ni kubwa. Kijiti cha kupimia oili kichomolewe: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, nanyi mwaweza kuinywa ile chai yenu ya kweli na kurudi nyumbani.

Halafu mikono ya nyuma ya kuinulia plau, inayoendeshwa kwa nguvu ya oili. Nguvu ya trekta la kisasa imo humo. Harry Ferguson, ambaye jina lake liko kwenye bati la mbele, ndiye aliyeufanya mtindo huo wa kuunganisha plau na trekta uenee duniani. Wauzaji hupenda kuonyesha plau likipanda juu, na watu huridhika. Hilo halitoshi. Pampu iliyolika hunyanyua vizuri oili ingali nzito na baridi, na hushindwa oili ikipata moto ikawa nyepesi. Liungwe plau, lilime nusu saa kwenye udongo wa kweli, kisha liinuliwe na kuachwa juu. Likishuka polepole kama mtu anayesinzia, kuna kazi ndani. Katika nusu saa hiyo hiyo fundi atasikia gia zinazoruka, klachi inayoteleza na usukani unaocheza. Asiyekubali trekta lake lilime nusu saa, na dizeli mmetia ninyi, amekwisha kuwajibu.

Saa ya injini iliyo kwenye dashibodi isiaminiwe sana. Ni rahisi kubadilishwa, na katika vyombo vya zamani aghalabu imekufa. Afadhali kutazama pedali za breki na klachi zilivyolika chini ya viatu vya miaka mingi. Tairi za nyuma zitazameni kwa fedha mkononi, kwani jozi mpya ni sehemu kubwa ya bei ya trekta kuukuu. Na rangi mpya, kwa maoni yetu, ni sababu ya kuuliza zaidi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Trekta lililopauka lenye grisi kwenye kila kiungo limekaa na mtu aliyelijali.

Dini yetu haikunyamaza katika hili. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akatia mkono ndani akakuta umajimaji, naye akamkemea mwenye nalo kwa kutouweka juu watu wauone. Tuliposoma tena habari hiyo tulimkumbuka shangazi na kiganja chake. Mafakihi nao wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, lakini atatakiwa kuthibitisha kwamba aibu ilikuwako kabla ya kuuziana, na hilo mbele ya trekta lililokwisha kulima wiki mbili ni shida. Uthibitisho bora ni karatasi iliyoandikwa siku ya mauzo: limewaka likiwa baridi, limelima muda fulani, kasoro zilizotajwa ni hizi na hizi.

Kwa njia ya malipo, bei ya taslimu na bei ya muda zaweza kutofautiana, na wanazuoni walio wengi wameruhusu, maadamu mmeshika moja kabla ya kuachana. Kinachoharamisha ni ile nyongeza inayopandishwa kila mnunuzi akichelewa; hiyo ni riba, hata ikiitwa faini. Tangu 2008 Kenya ina benki zilizoanzishwa kwa misingi ya sharia, Gulf African Bank ikiwa mojawapo, na kwa murabaha benki hukinunua chombo kwanza, kikawa chake, kisha ikakuuzia kwa faida iliyotajwa. Swali la kwanza la kuwauliza ni kama watakubali chombo cha umri huo.

Kuna hatari nyingine ambayo fundi haioni. Namba za injini na za chesisi zilinganishwe na zilizomo katika logibuku, na uhamisho ufanywe katika mfumo wa NTSA kabla ya fedha zote kutolewa. Tena, tangu sheria ya mwaka 2017 ya haki za dhamana juu ya mali inayohamishika, kuna rejista ya serikali ambamo mkopeshaji huandikisha vitu alivyowekewa rehani. Itafutwe humo. Trekta lenye deni la mtu mwingine laweza kukamatwa likiwa shambani kwenu, katikati ya zile siku kumi na tano.

Ama jina katika logibuku, tunalitaja kwa sababu ndilo linaloumiza nyumba nyingi. Dada ametoa laki nne, mama laki tatu, kaka ametoa zilizobaki, na logibuku imeandikwa jina la kaka kwa kuwa ndiye aliye Loitokitok. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kisha kaka afariki, na trekta laingia katika urithi wake kana kwamba lote lilikuwa lake. Wajane na watoto wana mafungu yao, na dada hana ila kumbukumbu ya bangili alizouza. Mahakama ya Kadhi, iliyowekwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya mirathi, nayo kama mahakama zote hutaka ushahidi. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandika madeni na kushuhudisha. Watu wa pwani nao wana lao: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi iandikwe karatasi ya ushirika: nani ametoa kiasi gani, faida itagawanywa vipi, matengenezo yatatoka wapi, na ikiwa mmoja atafariki au kutaka kujitoa, fungu lake litathaminiwa namna gani. Mashahidi wawili watie sahihi, na kila mshirika apewe nakala yake, wa kike na wa kiume.

Mali ya mwanamke katika Uislamu ni yake, na kuandikiana hakumvunjii heshima ndugu yake. Dada anayeona haya kumwomba kaka yake karatasi amwombe mama aliseme yeye.

Wakati wa kutafuta ni tangu Juni hadi Agosti. Mafundi wana nafasi, wenye trekta hawana kazi za haraka, na madalali hawajaanza kuhesabu siku za kuelekea mvua. Vipande vya ardhi vilivyokwisha kuvunwa vipo vya kufanyia jaribio la nusu saa, na ikibidi kungoja injini ipoe, hakuna atakayeharakishwa na wingu.